Upande Wangu wa Jani

Nilipokuwa mdogo, sifa za unene wangu alipewa mama. Tukitoka kanisani pale Butimba mimi nilitangulia, yeye nyuma, na wamama wa mtaani wakamwambia, "Huyu kweli analishwa," naye akacheka huku anavuta kitenge mabegani kana kwamba ana haya. Hakuwa na haya yoyote. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, walimwambia, na mimi nilikua kweli, ila kwa mapana. Darasa la tatu sketi yangu ya shule ilishonwa kwa kipimo cha msichana wa darasa la saba, na fundi akamwomba mama aongeze kitambaa.

Siku hizi watu wana midomo miepesi. Wakimwona mtoto mnene wanamlaumu mama yake hapohapo, bila hata kumsalimia. Kwa hiyo niseme. Kabla yangu mama alizaa mtoto wa kike aliyekuwa anakonda tu, anakonda, mpaka akaisha. Walimzika Kagera kwenye migomba ya babu, mama akarudi Mwanza na mimba yangu, na akaapa huyu anayekuja hakuna atakayemwona mbavu. Yeye hakuwahi kunisimulia. Alinisimulia shangazi, dada yake baba, tuliyeishi naye nyumba moja, mwanamke ambaye jambo akilijua halilali kinywani mwake. Basi mimi nililishwa kwa niaba ya watoto wawili. Nikishajua hivyo ningeachaje chakula? Nilikomba kila nilichopakuliwa.

Siku za kazi tulikula kwenye sinia. Jumapili tulikula kama watu wa kwetu. Baba alikuwa amepanda migomba nyuma ya nyumba kwa ajili hiyo hasa. Anakata jani, mama analibabua motoni lilainike, analitandaza kwenye mkeka, anamwaga ndizi juu yake, mvuke unatupiga usoni. Maharage pembeni, na kama baba amepitia mwaloni kwa wavuvi, basi sato. Tunanawa, tunazunguka: baba na mama, shangazi, kaka yangu mkubwa, wadogo zangu wawili na mimi. Kila mtu ana upande wake, ule ulio mbele yake. Huvuki kwenda kwa mwenzio. Huanzi kabla ya mkubwa, na mkubwa akipunguza mwendo nawe unapunguza. Watu hufikiri mtoto mnene ndiye anayemaliza chakula cha wenzake, lakini mimi pale kwenye jani nilikula sawa na wote, kwa sababu jani lina adabu yake na macho ya watu yanatosha.

Zaidi ya yote, pale sikuwa Bonge. Shuleni lilikuwa ndilo jina langu, hata mwalimu wa michezo aliniita hivyo. "Bonge, wewe kaa utunze viatu vya wenzako." Nilitunza viatu na nikacheka pamoja nao, maana ukicheka wanachoka mapema. Lakini Jumapili, mikono yote ikiwa imeinama kwenye jani moja, mkono wangu ulikuwa mmojawapo tu. Nilipenda kuiangalia ikiingia na kutoka. Nilikuwa na furaha pale, nasema wazi, na sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena.

Darasa la nne niliugua mafindofindo. Koo lilipopona, ngozi ikaanza. Kwanza viwiko: mabaka mazito, ya rangi ya kunguru aliyefifia, na juu yake magamba meupe yanayopukutika. Kisha kichwani, na sisi wanafunzi tulikuwa tunanyolewa, hakuna pa kuficha. Kisha chini ya kwapa na kwenye mikunjo ya tumbo, kule nyama inakogusana na nyama. Huko hakukuwa na magamba, kulikuwa kwekundu na kubichi, jasho likipita ninauma meno. Mwisho ikaja kwenye migongo ya mikono.

Jumapili moja gamba lilidondoka kwenye jani. Nililiona likianguka, dogo, jeupe, likatua juu ya ndizi katikati yangu na kaka. Kaka akasimamisha mkono hewani. Alimwangalia baba, na baba akaendelea kula, ila nikaona amehamia ukingo wake wa mbali kabisa. Shangazi akasafisha koo. Hakuna aliyenitukana, hakuna aliyenifukuza, na ninakuambia ningependa wangenitukana.

Jumapili iliyofuata nilikuta sahani. Mama alikuwa ameinunua mpya, ya maua, ya aina ile ya kuwawekea wageni, ameiweka juu ya kigoda pembeni ya mkeka. "Umekua sasa," akaniambia. "Una sahani yako." Nilikuwa mtoto lakini sikuwa mjinga. Nilikaa kwenye mkeka uleule, karibu yao kiasi cha kusikia wanavyotafuna, nikala nimewapa mgongo nusu.

Na ile sahani ilijazwa, jamani. Ilijazwa kilima. Mama hakuwa na neno la kuniambia, akawa ananiambia kwa mwiko. Nikifika katikati anasema, "Ongeza mama, usiogope," na anaongeza. Nyama kubwa ilikuwa yangu. Mafuta ya juu ya mchuzi yalikuwa yangu. Kwenye sahani hakuna mkubwa wa kukupunguzia mwendo, hakuna jirani wa kumwachia. Ni wewe na mama yako anayekuangalia kama utamaliza. Nilimaliza. Ningeacha, angedhani nimemkasirikia, na kweli nilikuwa nimemkasirikia, kwa hiyo nilimaliza ili asijue.

Baada ya muda sinia la siku za kazi nalo likanitoka. Nikawa nakula peke yangu kila siku, na nikanenepa kuliko mwanzo, na kadiri nilivyonenepa ndivyo mikunjo ilivyochubuka na mabaka yakaongezeka. Nikazidi kutengwa, na mama akazidi kunijazia ili nisihisi nimetengwa. Hakuna aliyeona kwamba tunazunguka palepale.

Dawa nilipewa. Sabuni ya salfa, dawa ya mapunye, mwarobaini wa kuchemsha, na mzee mmoja wa upande wa Kisesa alinipaka kitu cheusi kilichonuka wiki nzima. Jirani akasema maji ya ziwa yana dawa, nikawa naenda ziwani baada ya shule. Watoto waliokuwa wanaoga kwenye mawe walitoka nilipoingia, wakakaa juu kwenye jua wanasubiri nimalize, na mimi kwa hasira nilikuwa nakaa majini mpaka vidole vinasinyaa. Nikatamba kwamba ziwa lote ni langu. Aka, ziwa lote la nini kwa mtu mmoja.

Mwishowe mama alinipeleka kwa daktari wa ngozi mjini. Alikuwa dada mdogo tu, amesuka, ana kalamu ya pinki. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia huku amekwisha kunishika mkono. Nataka uelewe hili: alinishika mkono bila glavu, akapitisha kidole chake juu ya baka, taratibu, na hakujifuta. Nilitaka kulia palepale.

"Hii ni soriasisi," akamwambia mama. "Imo kwenye ukoo, mara nyingi. Ilikuwa imelala, mafindofindo yakaiamsha."

Akamuuliza mama ninakula nini. Mama akamtajia kwa fahari, kama mtu anayesoma shajara ya mema yake: ndizi, maziwa, sambusa za jioni, soda siku za Jumapili, nyama ya mafuta. Daktari akaweka kalamu chini.

"Mama, chakula peke yake hakijauleta huu ugonjwa, usije ukajilaumu. Lakini uzito wake na ngozi yake vinasaidiana vibaya. Mafuta yakizidi mwilini hayakai kimya. Yanauchochea mwili uwake ndani kwa ndani, na ngozi ndiyo inayolipa. Watoto wengi wa hivi unene huwatangulia, ngozi inafuata. Simwambii afe njaa, anakua. Punguza sukari na vya kukaanga, mpe chakula cha kawaida kama wenzake, mwache acheze. Akipungua kidogo na hii dawa itamshika vizuri."

Nilimwona mama anavyokunja ncha ya kitenge chake na kuikunjua. Kisha daktari akaniinamia mimi, akauliza kama nina swali, na mimi nilikuwa na swali moja tu duniani.

"Nikipona nitakula na wenzangu?"

"Hata leo," akasema. "Hauambukizi. Si kwa kugusana, si kwa kula pamoja, si kwa kulala kitanda kimoja. Hata leo, mdogo wangu." Akamgeukia mama. "Umesikia, mama? Waambie nyumbani."

"Nimesikia," mama akasema.

Njiani mama alitembea haraka. "Daktari mwenyewe mtoto," akasema, "hata hajazaa." Kufika stendi akaninunulia maandazi. Niliyala, nikajua mama ameyanunua kumkomesha yule daktari, lakini moyoni nilikuwa nacheza. Nilikuwa na neno moja nimelibeba kutoka mjini mpaka Butimba: hata leo.

Jioni baba akauliza, "Wamesemaje?"

Nilikuwa nimekaa, mikono nimekwisha kunawa. Nilimwangalia mama mdomo.

"Wamempa dawa ya kupaka," akasema, na akanisogezea sahani yangu.

Nilisubiri aendelee. Nilifikiri labda atasema baada ya kula, au kesho, au Jumapili tukitandika jani. Jumapili ikaja, sahani ikawa palepale kwenye kigoda. Kwetu mtoto hamsahihishi mama yake mbele ya baba, na hata ningethubutu, nani angeniamini mimi dhidi yake? Nikanyamaza. Lakini nilimchukia mama. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimchukia kila alipochota mwiko mwingine. Kaka na wengine walikuwa hawajui, ningewalaumu nini? Yeye alijua.

Nilikwenda bweni kidato cha kwanza. Chakula cha bweni wanakijua waliokula: ugali, maharage, makande, na foleni. Kila mtu na sahani yake, kwa hiyo hapakuwa na wa kunitenga. Hakuna aliyenijazia, na shule ilikuwa mlimani, maji bondeni. Nilipungua bila kukusudia, na ngozi ikapoa kweli kama yule dada alivyosema. Mikunjo ikafunga, kichwa kikasafika, viwiko vikabaki na alama. Sijasema nilipona. Huu ugonjwa hauponi, unatulia. Mitihani ikija nao unakuja, nikikosa usingizi unakuja. Lakini hatukuwa tena maadui wa kila siku.

Sasa mimi ni mwalimu, naishi peke yangu Buhongwa, vyumba viwili na kibaraza. Ninapenda harusi za mjini, za kupanga foleni na kujipakulia, kwa sababu huko kila mtu ana sahani yake na hakuna anayekushangaa. Ofisini walimu wakichangia sinia la pilau, mimi nimefunga. Wananitania kwamba mkristo gani anafunga mwaka mzima. Kuna mwanaume alikuwa ananipenda, mtu mzuri, mcheshi. Tukiwa tunakula samaki mwaloni akawa anachambua mwiba, ananiwekea mnofu kwenye sahani yangu kwa vidole vyake. Nilimwambia asirudie. Akacheka akidhani naringa. Nikamwambia mara ya pili, na hakucheka, na siku hizi namsikia tu kwa watu. Nyumbani kwangu nakula nimesimama karibu na jiko.

Baba alifariki, mama akazeeka, na mwaka jana siku moja ya kawaida nilikuwa naye uani Butimba tunamenya ndizi. Sikupanga kumuuliza. Lilinitoka tu.

"Mama, kwa nini hukuwaambia kwamba hauambukizi?"

Hakuuliza nini. Kisu chake kilisimama. Alijua siku ile kama mimi ninavyoijua.

"Ningewaambia," akasema, "wangeuliza, haya, umetoka wapi basi. Shangazi yako angetaka kujua daktari kasema nini chote. Na daktari kasema mnene." Akaendelea kumenya, polepole. "Mimi nilizika mmoja kwa kukonda. Halafu niwaambie na huyu nimemuumiza kwa kumlisha? Ningekaa wapi kwenye nyumba ile? Nikaona heri ukae na sahani yako, ushibe."

"Sikuwa na njaa, mama. Nilikuwa peke yangu."

Akachukua ndizi nyingine, akaimenya bila kuiangalia, na kisu ni kikali, nikamwacha. Nikaondoka na hasira yangu yote, na huruma yote, na njia nzima mpaka Buhongwa sikuweza kuamua ipi ni kubwa.

Mwaka huu mtoto wa kwanza wa kaka alipata kipaimara, tukakutana Butimba. Wageni walikula kwenye sahani chini ya turubai. Walipoondoka, tukabaki wa nyumbani: kaka na mke wake na watoto wao, wadogo zangu, shangazi ambaye sasa ni bibi hasa lakini mdomo haujazeeka, na mama. Kaka alikuwa amekata jani. Mkeka ukatandikwa, ndizi zikamwagwa. Mimi nikachukua sahani yangu kwenda kukaa mlangoni, kama kawaida, na hakuna aliyeona ajabu. Wamenizoea.

Mama akasema, "Weka hiyo sahani."

Alikuwa amesimama, ameshika nguzo ya kibaraza. "Ugonjwa wa huyu hauambukizi," akawaambia. "Daktari aliniambia akiwa mtoto mdogo. Alisema ale na wenzake. Sikuwaambia."

Shangazi akauliza, "Mbona hukusema siku zote hizo?"

"Niliwaogopa ninyi," mama akasema.

Kaka alisogea. Mke wake akasogea, watoto wakabanana, nafasi ikapatikana mbele yangu, na upande mzima wa jani unafuka mvuke. "Karibu dada," kaka akasema. Nilinawa. Nilikaa. Nilikuwa nimelitaka hilo tangu darasa la nne, nimelitaka kuliko mume, kuliko ngozi yenyewe.

Ilikuwa wiki ya kusahihisha mitihani, na mabaka yalikuwa yamerudi kwenye migongo ya mikono. Niliyaona. Na niliwaona wao, wote, namna walivyokuwa hawayaangalii. Macho kwenye maharage, macho kwenye migomba, watu wazima na watoto wanajitahidi kwa heshima yao yote. Mkono ukakataa kwenda. Niliutuma na haukwenda.

"Nimeshiba," nikasema.

Kwetu mtu akishiba upande wake hauachwi. Jirani anauvuta, watoto wanaugombea, ndiyo utani wenyewe wa jani. Nikasubiri wauvute. Kaka akala upande wake. Mkewe akala upande wake. Watoto, ambao dakika iliyopita walikuwa wanapigana viwiko, wakala mpaka kwenye mpaka wangu, wakakoma, ndizi za upande wangu zikabaki zimekatwa wima kama ukuta. Na mimi sikuwa nimeugusa hata kwa ncha ya kidole.

Mama siku hizi anakula kidogo mno; matonge mawili, anasema imetosha, na tunamgombeza. Alizunguka nyuma yetu, akajishikiza begani kwangu, akashuka mpaka akakaa ubavuni mwangu na magoti yake mabovu. Akaanza kula upande wangu. Alikula polepole, anameza kwa shida, anapumzika, anaendelea, na wote tukamsubiri, hakuna aliyethubutu kunawa. Sikumzuia. Alikula mpaka jani likaonekana.